Shotgani ya Risasi Moja Ikisema "Ka!" Badala ya Kulia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni fundi wa bunduki, na maswali haya wameniletea mezani wenye bunduki wenyewe, wengi wao wakulima wa Kwale na Kilifi, na wazee wachache wa mjini walioachiwa bunduki na baba zao na kufuata taratibu za cheti cha kumiliki silaha. Majibu ni ya shotgani ya kukunja, ile unayoivunja kwenye bawaba ili kutia risasi, yenye mtutu mmoja na risasi moja. Ukiwa na aina nyingine, baadhi ya haya yatakufaa na mengine yatakupoteza.

Nimevuta, imesema "ka!" na kimya. Nifanye nini sasa hivi?

Usiifungue. Najua mkono unawasha, na macho yanataka kuona kuna nini. Ndiyo maana swali hili nimeliweka la kwanza.

Kuna risasi inayogoma na kuna risasi inayochelewa, na kwa sikio huwezi kuzitofautisha. Inayochelewa fataki yake, yaani kiwashio cha kwenye kitako, imeshika moto, ila baruti inasuasua, labda kwa unyevu, labda kwa uzee. Baada ya muda mfupi inalipuka. Kama bunduki imefungwa, ni kishindo tu na marisau, zile punje za ndani ya risasi, yanakwenda ulikoelekeza. Kama umeikunja na ganda limechungulia nje, hakuna chuma cha kulizuia. Ganda lenyewe ni plastiki na shaba nyembamba. Litapasuka usoni pako.

Kwa hiyo baki ulivyo. Mtutu uendelee kuelekea ulipokuwa unaelekea, ambapo ni kichuguu au ardhi laini isiyo na mtu. Si juu hewani, si kwenye mwamba wa matumbawe, na si kwenye maji, maana marisau hudunda. Toa kidole kwenye kifyatulio. Hesabu mpaka 60, polepole, bila kuzungumza na mtu. Halafu ifungue huku uso ukiwa pembeni, toa risasi, iweke chini peke yake mbali na zile nyingine. Usiitie mfukoni.

Wengine wanasema sekunde 30. Wewe mbona 60?

Sekunde 30 ndizo zinazotajwa sana kwa risasi za kisasa, na sina ugomvi nazo. Ila mtu aliyeshtuka huhesabu 30 kwa sekunde 15. Mwambie 60, utapata 30 za kweli.

Imelia, lakini kidogo sana, kama mtoto amepasua mfuko wa karatasi.

Hii naiogopa kuliko iliyonyamaza kabisa, kwa sababu wengi hawaihesabu kuwa ni hitilafu. Wanacheka, wanatia nyingine.

Kati ya baruti na marisau kuna kizibo, na siku hizi kizibo ni kikombe cha plastiki. Baruti ikiwa dhaifu, kikombe na marisau yake hukwama katikati ya mtutu. Risasi inayofuata inakuta njia imezibwa, na mtutu wa shotgani ni mwembamba, haukutengenezwa kwa vita hiyo. Unavimba au unapasuka, na mara nyingi hapo ndipo mkono wa kushoto ulipo.

Subiri ile dakika moja, fungua, toa ganda, kisha uvue mtutu kabisa. Nyingi za bunduki hizi ukitoa mti wa mbele mtutu unatoka wenyewe. Uelekeze kwenye mwanga, uchungulie kwa upande wa chemba, pale risasi inapokaa. Unatakiwa uone duara safi mwisho hadi mwisho. Usipoliona, siku yako ya bunduki imekwisha, nenda kwa fundi. Usisukume kilichokwama kwa risasi nyingine. Nimeulizwa hilo zaidi ya mara moja, na walioniuliza hawakuwa wanatania.

Nitajuaje kama kosa ni la bunduki au la risasi?

Soma fataki. Ni kile kiduara kidogo katikati ya kitako cha risasi, mahali pini inapogonga. Ndani yake mna kemikali kidogo inayowaka ikibanwa kwa nguvu, na moto wake ndio unaowasha baruti. Risasi iliyogoma ikishatulia, itazame hapo kwa miwani kabla hujagusa bisibisi. Wateja wengi huja wameshafungua bunduki yote vipande vipande, na ile risasi, ambayo ndiyo shahidi pekee, wameitupa.

Ukikuta kishimo kirefu, cha duara, katikati kabisa, pini imefanya kazi yake. Kosa ni la risasi. Tia nyingine ya boksi jingine na mambo yataendelea.

Ukikuta kidoa kifupi, kama mtu amebonyeza kwa kucha, pini imefika imechoka. Sasa kuna sababu kadhaa, na ninazitafuta kwa mpangilio huu: uchafu na mafuta yaliyoganda kwenye tundu la pini, kwanza kabisa. Kisha bunduki isiyofunga sawasawa. Kisha springi ya nyundo iliyolegea kwa uzee. Mwisho pini yenyewe, iliyolika au kuvunjika ncha. Katika bunduki za Pwani, mara nyingi sifiki kwenye namba mbili.

Kidoa kikiwa pembeni badala ya katikati, bawaba imelika au pini imepinda. Hiyo ni kazi ya fundi, usijisumbue nayo.

Ukikuta hakuna alama yoyote, nyundo haikuifikia pini, au pini imevunjika ndani, au hukukoki, yaani hukuiweka nyundo tayari. Usicheke. Katika Baikal za Kirusi nyundo imefichwa ndani, huioni, na mgeni wa bunduki hiyo anaweza kudhani iko tayari kumbe bado.

Na ukikuta fataki imetobolewa, simama. Hapo moto wa baruti unarudi nyuma kupitia tundu la pini, unaunguza ncha, na ncha iliyounguzwa hutoboa zaidi safari ijayo.

Kanuni yangu: risasi moja ikigoma, nashuku risasi. Tatu za maboksi tofauti zikigoma kwa kidoa kilekile kifupi, nashuku bunduki.

Mimi naipaka mafuta ya nazi, kama alivyofanya baba. Kuna ubaya?

Nilitamani swali hili liulizwe na kila mtu.

Alinijia mzee mmoja na shotgani yake imefungwa kwa gunia na kamba ya mkonge. Malalamiko yake yalikuwa ya ajabu: asubuhi inagoma, mchana inalia. Alishaambiwa ina mkono wa mtu. Ilikuwa mwezi wa Julai. Nilipoifungua, harufu ilinifikia kabla ya kitu kingine chochote. Ilinukia kama wali wa nazi uliolala.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya takriban nyuzi 24. Mombasa mchana wa Januari hujawahi kuyaona yameganda, chupa iko maji tele. Lakini Julai, kusi linapovuma, usiku unashuka chini ya hapo, na chupa asubuhi ni nyeupe kama mshumaa. Ndivyo ilivyokuwa ndani ya tundu la pini la yule mzee. Pini ilikuwa inaogelea kwenye nta. Alfajiri, nyani wanapoingia mahindini naye anataka kuwatisha kwa mlio, nyundo inagonga, pini inajikokota, fataki inapata kidoa cha kucha. Saa sita jua limepasha chuma, nta imeyeyuka, bunduki inalia vizuri na jirani anasema umeona, mganga amefanya kazi.

Hata yasipoganda, mafuta ya kupikia yakikaa yanakuwa kama gundi, yanashika vumbi, na chumvi ya bahari inakaa humo humo. Wazee walitumia walichokuwa nacho, siwalaumu. Wewe una duka la vipuri kila kona.

Basi nitumie mafuta gani?

Ya bunduki ukiyapata. Ukikosa, ya cherehani. Oili ya injini ni nzito mno kwa tundu la pini. Na iwe kidogo: tone moja, kisha pangusa kama unajuta kulitia. Mafuta mengi ni tatizo sawa na mafuta mabaya.

Kusafisha yaliyoganda, mafuta ya taa na mswaki mkuukuu vinatosha kwa sehemu unazozifikia bila kufungua mtambo. Kausha kabisa, ndipo utie tone.

Tena jambo moja linalosahaulika: usipulizie mafuta ndani ya chemba kisha ukaacha risasi humo. Yale mafuta ya kopo ya kulegeza kutu yametengenezwa kupenya, na yatapenya pembeni mwa fataki na kuiua. Utakuwa umeua risasi nzima kwa kuipenda bunduki. Kwanza risasi haifai kulala chembani kabisa, mafuta yawepo yasiwepo.

Nina boksi la risasi za marehemu baba. Bado zinafaa?

Inategemea zilikolala. Risasi ya kisasa iliyokaa pakavu hudumu miaka mingi sana. Lakini neno "pakavu" na neno "Mombasa" hayakai nyumba moja. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima na chumvi juu yake, na masika ya Aprili na Mei humaliza kilichobaki.

Zitazame moja moja. Ganda la karatasi hufura, na ukilitia chembani linaingia kwa shida au linakataa katikati. Usilisukume. Shaba ikiwa na ukungu wa kijani, hasa kuzunguka fataki, iweke kando. Ncha iliyokunjwa ikiwa imefunguka na marisau yanachungulia, iweke kando. Ikitikiswa ikasikika kama njuga, kando pia. Zitakazobaki zinaweza kuwa nzima, na zinaweza kukudanganya. Binafsi sitegemei risasi nisiyojua ililala wapi. Bei ya boksi jipya ni ndogo kuliko jicho.

Zilinyeshewa kwenye mvua. Nizianike juani?

Hapana. Wala juu ya mabati, wala karibu na jiko la makaa, wala kwenye dashibodi ya gari kwenye foleni ya feri ya Likoni. Joto haliirudishii fataki uhai wake. Unyevu ukishaingia umeingia, na ukiikausha kwa nje utapata risasi inayoonekana nzima huku ndani ikiwa ni yenye kuchelewa. Hiyo ndiyo aina mbaya kuliko zote.

Niziweke wapi basi?

Kwenye kopo la chuma lenye mpira wa kuziba, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mchele, kama wengi wafanyavyo, haufai, unaleta vumbi na wadudu. Kopo likae ndani ya nyumba, si stoo ya bati nje, na mahali pa kufungwa kwa ufunguo mbali na bunduki yenyewe.

Bunduki nayo isilale ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa unyevu na kuushikilia kwenye chuma usiku kucha. Ala ni ya safari. Ukirudi, itoe, ipanguse, isimame kabatini pakavu na kufuli juu.

Yangu ina nyundo ya nje. Nikivuta haraka na kuachia, inagoma. Nikivuta taratibu inalia.

Umejipatia jibu mwenyewe. Katika baadhi ya bunduki hizi, H&R za Marekani kwa mfano, nyundo haigusi pini moja kwa moja. Katikati kuna kipande cha chuma kinachopanda pale tu unapovuta kifyatulio, na nyundo hupiga pini kwa kupitia hicho. Ni usalama mzuri: bunduki ikianguka, nyundo haiifikii pini. Ila ukidokoa kifyatulio na kukiachia upesi, kipande kinaweza kushuka kabla nyundo haijafika. Vuta mpaka mwisho, shikilia mpaka isikike. Ikigoma hata hivyo, kipande kimelika au kimejaa uchafu.

Nikiifunga naona mwanga mwembamba kati ya mtutu na ukuta wa nyuma.

Kwanza angalia uchafu: kijiti, mchanga, kipande cha plastiki kilichoganda chini ya ule ulimi wa kutolea ganda, au kutu kwenye kidaraja kinachobeba ukingo wa kitako cha risasi. Safisha, funga tena. Mwanga ukibaki, bawaba imelika. Bunduki hiyo ikigongwa, risasi inasogea mbele kidogo na nguvu ya pini inapotea. Kugoma ni onyo la upole tu. Isipigwe tena mpaka fundi aione.

Nilitia risasi ikazama ndani, nikadhani imeangukia chini. Nikatia nyingine.

Kama hukuvuta, umezaliwa mara ya pili.

Geji ni kipimo cha unene wa risasi na upana wa mtutu, na namba ikiwa kubwa unene ni mdogo: risasi ya geji 20 ni nyembamba kuliko ya geji 12. Ukiitia kwenye mtutu wa geji 12 inateleza, inapita chemba, na inakwama mbele kidogo. Ukichungulia haraka unaona chemba tupu. Ukitia ya 12 nyuma yake na kuvuta, zinakutana mbili ndani ya mtutu mmoja. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya manjano. Nyumba yenye bunduki mbili za ukubwa tofauti iwe na makopo mawili, na mfukoni kusiwe na mchanganyiko kamwe.

Tukiwa hapo, soma pia urefu uliochongwa kwenye mtutu: 65, 70 au 76 kwa milimita. Risasi ndefu inaweza kuingia chemba fupi bila kelele kwa sababu ncha yake imekunjwa, kisha ikakosa nafasi ya kukunjuka inapolipuka. Haitagoma. Italia, na hapo ndipo penye balaa.

Naweza kuifyatua tupu ili nisikie kama nyundo ina nguvu?

Bunduki kuukuu, hapana. Pini isiyokuta kitu cha kugonga huchoka na kuvunjika ncha. Tumia risasi bandia ya mazoezi, ile isiyo na baruti wala fataki hai. Hakikisha ni bandia. Halafu hakikisha tena.

Pini imevunjika. Kijana wa gereji anaweza kunichongea kwa msumari?

Anaweza, na ndiyo shida. Msumari ni chuma laini: utapinda, au utakuwa mrefu mno na kutoboa fataki, au utakwama umechomoza mbele, na siku unayoifunga bunduki yenye risasi ndani, inalia yenyewe kabla hujaigusa. Pini ina urefu wake, ina duara lake kwenye ncha, na ugumu wake. Vivyo hivyo springi. Usiikate ya pikipiki ukaipachika humo.

Pia kuna sheria. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, anayetengeneza bunduki za watu kwa biashara lazima awe amesajiliwa. Kijana wa gereji atakuwa matatani, nawe pamoja naye. Peleka kwa muuzaji silaha aliyesajiliwa, na cheti chako mkononi.

Nimesubiri dakika, haikulipuka. Niikoki niigonge mara ya pili?

Watu hufanya, na mara nyingine inalia. Ikilia mara ya pili maana yake pini ilikuwa dhaifu mara ya kwanza, na bado una bunduki mbovu. Isipolia, umeongeza dakika nyingine ya kusubiri na shahidi wako ana alama mbili zilizopandana, sitaweza kuzisoma. Itoe.

Hizi bunduki tunazishika kwa sababu ya nyani na nguruwe mwitu. Ikishapona naweza kuwapiga?

Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na mnyama wa porini yuko chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Wanaoharibu shamba, ripoti kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Mimi natengeneza bunduki, sitengenezi kesi.

Nina risasi sita zilizogoma kwenye kopo. Nizitupe wapi?

Si kwenye pipa. Taka za Mombasa huishia Mwakirunge, na huko kuna watu wanaochambua kwa mikono, na moto hauzimiki. Si motoni, si chooni, si kuzifukia nyuma ya nyumba ambako mtoto atazifukua. Wala usimpe wa vyuma chakavu kwa ajili ya ile shaba. Atazigonga kwa nyundo ili aitoe. Wala usizikate uangalie ndani.

Zipeleke kwa muuzaji aliyesajiliwa au kituo cha polisi ukiwa na cheti, na uache zihesabiwe na kuandikwa. Ila ukipita kwangu kwanza, moja niachie niitazame fataki yake.